Ushuhuda Uliotangulia Dozi

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, wewe ukiwa bado hujazaliwa, baba yako aliposimama mbele ya kanisa letu pale Bladensburg, hapa Marekani, akasema, "Bwana asifiwe! Mguu huu mnaouona, Bwana ameuponya." Kanisa zima liliinuka. Mimi ndiye niliyepiga vigelegele kuwashinda wote, na sauti yangu unaijua.

Alikuwa na haki ya kushukuru. Alikanyaga msumari akiwahamishia watu fanicha kule Woodbridge, akapuuza, mpaka vijidudu vikaingia kwenye mfupa wa kisigino. Madaktari walimpasua, wakausafisha mfupa, wakamrudisha nyumbani na vidonge vya kumeza kwa wiki nyingi. Walituambia wazi kwamba ugonjwa ukirudi, huenda mguu ukakatwa. Basi maumivu yalipokwisha na homa ikamtoka, nani asingeimba?

Ila sikia alichofanya baada ya hapo. Tulipofika nyumbani alikifunga kichupa cha dawa, hakukifungua tena. Nilipomuuliza alinijibu, "Mumbua, nimesimama mbele ya watu nikatestify nimepona. Sasa nikiendelea kumeza dawa, si ni kama namwambia Mungu simwamini?" Nilikuwa bibi arusi wa juzi, nikakirudisha kichupa kabatini. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini methali haina miguu ya kumfuata mtu mpaka kwenye kabati la dawa.

Siku za kwanza alikuwa mzima kabisa, anatembea na kucheka. Halafu nikaona anakaa kwenye kiti wakati wa kusifu, yeye ambaye huruka kuliko vijana. Nikaona soksi haivuliwi tena mbele yangu. Nilipomshika shingoni alikuwa wa moto. Nikamwambia twende hospitali.

"Nitamwambia nini pastor?" akasema. "Ushuhuda ulishatoka."

Niliogopa, mwanangu. Nilimpenda yule mtu, na nilimwona akiutoa mguu wake sadaka kwa ajili ya aibu. Nikachukua simu, nikampigia Mama Neema.

Huyu alikuwa mzee wa kanisa letu, Mtanzania wa Moshi. Alifanya kazi katika maabara ya hospitali, kuotesha vijidudu kwenye visahani ili madaktari wajue vitauawa na dawa gani. Sisi Wakamba hata shikamoo tulifundishwa naye, huku huku Marekani. Alifika na kanga yake mabegani, akakataa chai, na Mtanzania akikataa chai ujue kuna jambo.

"Shikamoo, Mama," baba yako akasema.

"Marahaba. Vua soksi."

Akavua. Kisigino kilikuwa kimevimba na kidonda cha zamani kinatoa usaha. Mama Neema hakupandisha sauti.

"Mutua mwanangu, Mungu alikuponya kwa mkono gani? Si kwa huo wa daktari? Umeusukuma kabla haujamaliza kazi, halafu unaita imani. Hiyo ni aibu tu, imevaa suti ya Jumapili. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Haya, panda gari."

Alipanda. Sijawahi kumwona mtu akibishana na yule mama akashinda.

Hospitalini walitoa kipande cha mfupa wakakipima. Sote tulidhani vijidudu vimekuwa sugu, vimeizoea dawa. Majibu yakasema dawa ileile inaviua vizuri. Baba yako akamgeukia Mama Neema, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda.

"Kama inawaua hawa wadudu, mbona hawakufa?"

"Kwa sababu walikuwa wamelala. Dawa yako huwapiga zaidi wale wanaokula na kuzaana. Wachache hujikunyata, wakatulia tuli, na dawa ikawapita. Hawana silaha mpya, baba, wamesinzia tu. Ukiiacha dawa mapema wanaamka, wanazaana upya. Ukidumu nayo, anayeamka anaikuta mlangoni, na wanaobaki mwili wako unapata nafasi ya kuwamaliza. Kwenu Machakos ndago hamna?"

"Ipo, Mama. Inatusumbua sana."

"Ukipalilia shamba likapendeza, ndago imekwisha?"

"La. Vijiazi vyake viko chini. Mvua ikinyesha inarudi."

"Basi kisigino chako ndicho hilo shamba."

Walimpasua tena, wakamega sehemu ya mfupa, na safari hii dawa ilianzia kwenye mshipa kabla ya vidonge. Alichoka. Alitapika. Alipotaka kukata tamaa alimpigia daktari kwanza, na daktari akambadilishia saa za kumeza. Mguu ukabaki. Kule kuburuta mguu kwenye ngazi, ambako umekuiga tangu utotoni ili utuchekeshe, kulitoka hapo.

Na akasimama tena kanisani. "Bwana asifiwe," akasema. "Mara ya kwanza niliwaambia nimepona kwa sababu sikusikia maumivu. Leo nawaambia kwa sababu daktari amesema niache dawa." Mama Neema alisema amina kabla ya mchungaji.

Sasa, mwanangu, nimekiona kichupa chako cha dawa ya vijidudu vya figo kwenye dirisha la jikoni, na vidonge bado vimo. Usiniambie "Niko fine, Mama." Baba yako pia alikuwa fine. Kupata nafuu ni jambo moja na kupona ni jingine, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Dawa ikikuchosha, mpigie daktari. Usijiamulie peke yako, wala usimwekee rafiki yako iliyobaki. Siku ya kuiacha ataisema aliyekuandikia.

Mungu akupe afya, akupe na subira ya kuingoja ifike yote. Akulindie viungo vyako, uje kuwaonya wanao ukiwa umesimama kwa miguu miwili. Haya, maji hayo hapo mezani. Meza nikiona.