Waranti Kutoka Lindi

Tarishi wa korti ya Liwali aliniletea samansi asubuhi, nikiwa nyumbani kwa mama huko Lindi. Nilitakiwa kufika kortini Jumatatu, nieleze kwa nini sitaki kurudi kwa mume wangu. Sababu niliijua, ila sikujua ningeisemaje mbele ya wanaume waliokaa kwenye viti. Mume wangu hakuwa mkali. Aliniona sizai, akaoa mke mwingine, na tangu siku ile mke mwenzangu alipoingia, mume wangu hakunisemesha tena. Nilipika, akala, akanawa, akatoka. Kilichonirudisha kwa mama ni kimya kile, na kimya huwezi kumwonyesha Liwali.

Jumapili meli ilikuwa inaondoka kwenda Dar es Salaam. Mama hakunizuia. Alinifungia mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba, akanisindikiza mpaka forodhani, na hakuna aliyelia, maana tulidhani ni jambo la miezi tu.

Temeke ya wakati ule ilikuwa mashamba zaidi ya nyumba. Nilipata chumba kwa bibi mmoja wa Kizaramo, mjane, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kumgomea. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona makuti ya kuezekea, na kwa kuwa watu walikuwa wanajenga kila upande, makuti yangu hayakulala. Mwanzoni nilifurahi. Jioni nilikwenda kukaa na wanawake wa kwetu, waliokuwa wakikutana nyuma ya soko, tukazungumza kwa lafudhi yetu bila kuchekwa.

Siku moja nikiwa sokoni na mzigo wa makuti, kijana mmoja wa Lindi, kuli wa bandarini, alinishika mkono.

"Dada, wewe bado uko huku? Unatafutwa kule."

"Natafutwa na nani?"

"Na serikali. Hukwenda kortini, waranti ya kukukamata ikatoka. Askari alifika mpaka kwa mama yako, majirani wote walimwona. Jihadhari, waranti haiozi, inamfuata mtu popote."

Alisema kwa huruma kabisa, akaenda zake. Niliacha mzigo pale pale chini nikarudi nyumbani.

Tangu siku hiyo nikawa mtu mwingine. Sikwenda tena nyuma ya soko. Wanawake wa kwetu waliponijia niliwaambia naumwa, kisha nikawaambia nahama, na kweli nilihama, nikaenda kukaa Kiwalani kwenye mikorosho mpaka nilipodhani wameshanisahau. Niliporudi kwa yule bibi nilimwomba asiniite jina langu. Alicheka, akanipa jina la marehemu dada yake, wala hakuuliza. Kwetu ni wapi hakuwahi kuniuliza, basi yeye na wapangaji wapya niliwaambia kuwa mimi ni mtu wa Kilwa. Lakini ulimi wangu ulikuwa unanisaliti, maana mtu wa Kilwa halisi angenigundua kwa maneno mawili, basi nikapunguza maneno. Salamu, bei ya makuti, asante, kwaheri. Nilikaa hivyo mwaka, ukaja mwingine, na mwingine.

Nilikuwa nikiona kofia nyekundu ya askari mbali barabarani, naingia uani kwa mtu nisiyemjua na kuomba maji ya kunywa. Nimekunywa maji mengi Temeke bila kiu. Nilipokuwa nikisikia ngoma ya kwetu Jumamosi niliijua ni ya nini, ya harusi au ya kumtoa mwali, na mikono yangu iliendelea kushona. Mara moja alikufa mwanamke ambaye mwanzoni alikuwa akinipa nafasi kwenye mkeka wake. Mazishi yalipita mbele ya nyumba yetu. Nilisimama nyuma ya mlango nikisikia sauti za watu wa kwetu, nikaweza kumtambua kila mmoja bila kumwona.

Halafu nikashikwa na homa. Si homa ya kawaida. Nilikuwa siwezi kuinua kikombe, na yule bibi alijikokota na miguu yake mpaka chumbani kwangu na uji. Siku homa ilipozidi aliniuliza, "Mwanangu, nipeleke habari kwa nani huko Kilwa?"

Niligeukia ukutani. Alidhani sikusikia, akarudia. Nikawaza: nitazikwa kwa jina la dada yake, nitasomewa kama mtu wa Kilwa, na mama ataendelea kunisubiri. Nikaanza kulia, na katika kulia nikamweleza yote, samansi, meli, yule kijana, waranti.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Na hiyo waranti, umeiona?"

"Sijaiona."

"Umemuuliza nani?"

"Nimuulize nani, bibi? Nikiuliza si nimejipeleka?"

"Sasa wakikukamata watakufanya nini? Si watakurudisha Lindi?"

"Ndiyo."

"Na wewe unalilia nini hapa? Si unalilia Lindi?"

Nilipopata nguvu ya kutembea nilioga, nikavaa kaniki safi, nikajifunga khanga zangu mbili nzuri. Bibi alitaka kunisindikiza lakini miguu haikumruhusu, akabaki amekaa kwenye kizingiti. Nilikwenda peke yangu.

Kituo cha polisi kilikuwa na ukuta uliopakwa chokaa na benchi nje. Nilikaa pale muda mrefu, watu wakiingia na kutoka, mpaka askari mmoja mwenye tepe begani akaniuliza, "Mama, umeibiwa?"

"Sikuibiwa. Nimekuja kuuliza kama natafutwa."

Akanitazama. "Unatafutwa na nani?"

"Na nyie."

Alicheka, akawaita wenzake wawili waje wasikie. Mmoja akasema tangu aanze kazi hajaona mtu anayejileta. Mie nilisimama pale pale. Yule mwenye tepe alipoona sicheki, akaacha kucheka. Akaniuliza ni kesi gani, nikamwambia ya ndoa, ya huko Lindi. Kisha akaniuliza jina.

Nililisema jina langu. Lilitoka kwa shida, kama la mtu mwingine. Akalirudia kwa sauti kubwa ili mwenzake aliye ndani aangalie, na nilipolisikia kinywani mwa askari nilihisi joto usoni. Ilikuwa miaka hakuna aliyeniita hivyo.

Wa ndani akajibu kuwa hakuna.

"Hapa hatuna kitu chako," yule mwenye tepe akaniambia. "Lakini kesi za ndoa si zetu. Nenda kwenye korti ya Liwali wa hapa mjini, mwulize karani. Ikiwa ipo, yeye ndiye atakayejua."

Karani wa korti alikuwa kijana mwenye kanzu nyeupe na koti, mpole, asiyetazama watu machoni. Nilimweleza. Naye akatafuta, naye hakuona. Akasema ataandika Lindi aulize, nirudi meli ikishakwenda na kurudi.

"Na mie niende tu? Hamnishiki?"

"Tukushike kwa lipi, dada?"

Nilisubiri meli hiyo nikishona makuti ambayo hayakunyooka hata moja. Siku ya kurudi karani alinipa kiti, jambo lililonitisha zaidi.

"Jibu limekuja," akasema. "Siku ya kesi mume wako alifika, wewe hukufika. Liwali akamuuliza kama anataka uletwe. Akasema hataki. Akakuacha pale pale mbele ya mashahidi, na kesi ikafungwa."

"Siku hiyo hiyo? Ile Jumatatu?"

"Siku hiyo hiyo."

"Na waranti?"

"Haikutoka. Hakuna aliyeiomba."

Nilitaka kumuuliza kama mume wangu alisema neno jingine lolote, kama alikasirika, kama aliuliza nimekwenda wapi. Nikaona haya. Nikamshukuru, nikatoka. Nje jua lilikuwa kali na mtaa umejaa, na askari wawili walinipita karibu kabisa, mmoja akaniambia "samahani, mama" kwa kunigusa bega. Nilifikiri ningefurahi. Nilitembea mpaka Temeke nikiwa kama mtu aliyetoka mazikoni. Miaka yote ile nilijiona kama mtu anayefuatwa, na kufuatwa, kwa namna yake, ni kukumbukwa na mtu. Kumbe nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Bibi aliponiona alisema, "Sasa uende kwa mama yako." Nikapanda meli.

Mama alikuwa amezeeka kuliko nilivyomwacha, na jicho lake moja lilikuwa na ukungu. Nilipofika mlangoni nikasema shikamoo, akaitikia marahaba kama anavyomwitikia mtu yeyote. Kisha akakaa wima. "Sema tena," akasema. Nikasema tena. Akanishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka gizani.

Baadaye nilimuuliza habari za askari aliyefika kwake.

"Askari gani?" akasema. "Yule alikuwa tarishi wa Liwali. Alikuja kunieleza kuwa umeachwa, ili nikuletee habari ukae eda yako. Majirani waliona kaki na ile kofia wakakimbia huku na huku wakisema askari."

"Na wewe hukuniletea habari?"

"Nilileta, mwanangu. Kila aliyepanda meli nilimtuma. Wakawa wanarudi wanasema wamewauliza watu wetu wote wa Dar es Salaam, hakuna anayejua ulipo."

Sikuweza kumwambia mara moja kwa nini hawakujua. Nilikaa naye msimu mzima wa korosho. Mchana tulibangua korosho tukiwa tumekaa kwenye mkeka mmoja, na ilimchukua muda kunizoea.

"Mbona husemi?" aliniuliza siku moja. "Zamani ulikuwa msemaji, nakuambia nyamaza. Miaka yote hiyo mjini, nisimulie. Uliishi na nani? Marafiki zako ni akina nani?"

Nikatafuta. Nilipita moyoni nyumba moja baada ya nyingine, soko, bomba la maji, njia ya Kiwalani, nikaona nyuso nyingi ambazo sikuwahi kuziuliza habari zao, nazo hazikuwahi kuniuliza zangu.

"Kuna bibi mmoja wa Kizaramo," nikasema. "Ana miguu mibovu."

"Enhe," mama akasema, akasogea karibu.

Basi nikamsimulia habari za huyo bibi.