Matangazo ya Vifo, Saa Nane Mchana

Redio binafsi ziliporuhusiwa, mfanyabiashara mmoja wa vipuri hapa Moshi alifungua yake, akaniajiri nimpangie vipindi. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, kwa hiyo aliniita Mwalimu, nami kazi niliifanya kimwalimu: nilichukua daftari nikaenda kuuliza watu.

Nilizunguka Majengo kwa mafundi cherehani, Rau kwa wenye vibanda, sokoni kwa akina mama walioteremsha ndizi kutoka mlimani. Swali langu lilikuwa moja: unapenda kusikia nini redioni? Walicheka, wakataja muziki. Vijana walitaka wa Dar, wazee dansi la zamani, akina mama kwaya. Hakuna hata mmoja aliyesema anapenda matangazo ya vifo. Nani angesema?

Basi nikapendekeza asubuhi iwe muziki mtupu, na vifo, ambavyo miaka ile vilikuwa vingi mno, tuvisome mara moja kwa siku, saa nane mchana.

"Hapo umenena, Mwalimu," tajiri akacheka. "Mtu yuko na chai na andazi, wewe unamwekea maiti mezani?"

Pengine nawe unayesoma unafikiria kuanzisha redio mahali pako. Anzisha, usiogope. Ila usiwaulize watu wanapenda nini. Waulize wanawasha saa ngapi, na wanangoja nini. Mlimani redio huwashwa alfajiri, ng'ombe akikamuliwa. Wafu wetu huzikwa kihambani, katika migomba ya ukoo, na walio mbali lazima waitwe. Simu zilikuwa za kuhesabu. Redio ndiyo iliyokwenda kugonga mlango.

Miezi michache baadaye alikuja ofisini mtu wa makamo, buti zake zimejaa majivu ya miwa. Alikuwa mkata miwa huko tambarare. Kwao ni Kirua Vunjo. Mama yake alikuwa amefariki, na baba yake mdogo akaleta tangazo kwetu. Ukoo ulimngoja siku nne, maana ndiye mwana pekee, na udongo wa kwanza kaburini humwagwa na yeye. Hakutokea, wakazika. Jumamosi alipanda mlimani na sukari ya mama, akakuta kaburi, na watu hawaitikii salamu yake. Waliamini amesikia akakaidi.

"Kila asubuhi nilikuwa nimewasha," akaniambia. "Nyimbo zenu nazijua zote. Mchana niko kwenye miwa, redio nasikilizia wapi? Twende ukawaambie, Mwalimu. Wewe watakusikiliza."

Kesho yake tulipanda pamoja. Baba mdogo alikuwa nyuma ya nyumba, akikatakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni nani?" Hakumtazama mwana wa kaka yake, aliyesimama kando yangu.

Nilijitambulisha. Nikamweleza polepole, kama nilivyozoea darasani: jinsi tulivyopanga vipindi, saa ambazo wakata miwa wako shambani, na kwamba kosa ni langu, si la mwanawe. Alinisikiliza mpaka mwisho, panga mkononi.

"Tangazo lilisomwa, halikusomwa?"

"Lilisomwa, mzee, ila mchana wakati..."

"Siku ngapi?"

"Nne."

"Na jina lake lilitajwa?"

"Lilitajwa."

"Watu wa Majengo walisikia, wakaja. Wa Rau walisikia, wakaja." Akarudi kwenye majani yake.

"Baba mdogo," mwanawe akasema, "sikusikia. Haki ya Mungu, sikusikia."

Mzee aliendelea kukata. Mkata miwa akaenda kwenye migomba, kaburi lilipokuwa, udongo wake bado mwekundu. Akapiga magoti, akachota konzi moja.

"Acha," mzee akasema bila kugeuka. "Limeshafunikwa."

Mkata miwa akabaki magotini, kiganja kimefumbwa, hajui udongo ule aumwage wapi.