Watu Hawana Jina

Siku yangu ya kwanza mahakamani sikwenda kutafuta kazi. Nilikuwa nikiuza karanga langoni. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami kama mkubwa wa nyumba nilikuwa nimeacha shule ili wadogo zangu wale. Asubuhi hiyo mkalimani hakufika. Karani mkuu alikuwa amenisikia nikibishana na wateja kwa Chiluba cha mama, Kibemba cha baba na Kifaransa cha barabarani.

“Weye mama ya karanga, unajua kunyamaza?”

“Najua kusema, Mukubwa.”

“Kusema hata kasuku anajua. Ingia.”

Rais wa Mahakama, ndivyo tunavyomwita jaji anayeongoza kikao, aliniapisha kupitisha maneno kwa uaminifu. Kisha akanifafanulia: “Dada, wewe ni bomba. Maji yanayoingia ndiyo yanayotoka.”

Nikawa bomba miaka mingi, na wadogo zangu wakasoma. Nilitafsiri kesi za nyaya zilizoibwa, za ndoa na za mipaka ya viwanja. Nilikwenda Kambove kwa vikao vya kuhamia, ambapo jaji, karani na bendera husafiri katika gari moja na kesi husikilizwa katika ukumbi wa parokia. Niliheshimu kazi hiyo, na bado naiheshimu.

Lakini kuna kesi moja isiyoniacha.

Ninyi vijana hamkuona siku zile watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa humu Likasi kwa sababu ya kabila lao, familia nzima zikilala kituoni zikingoja treni. Kesi chache sana zilifika mbele ya jaji. Mojawapo ilikuwa ya Mama Ngalula, ambaye mume wake aliuawa mbele ya mlango wao. Alirudi kutoka Kasai miaka kadhaa baadaye ili tu kutoa ushahidi. Wanaume walioshukiwa waliletwa kutoka gereza la Buluo.

Tukiwa kwenye benchi nje ya ukumbi, aliniambia kwa Chiluba, lugha ya kwao Kasai: “Aliyemuua namwona kila nikifumba macho. Ni yule jirani, fundi wa matofali. Lakini mke wake, Mama Bea, aliwaficha watoto wangu chini ya kitanda chake. Nikimfunga mume, watoto wa Mama Bea watakula nini?”

Kiapo hakikuniruhusu kumshauri, nikamfungulia mlango wa ukumbi.

Ukumbini, mwendesha mashtaka aliuliza: “Nani alimuua mume wako?”

Mama Ngalula aliacha Chiluba, akajibu kwa Kiswahili chetu, ili wote wasikie.

“Balikuya bantu.”

“Watu gani?”

“Bantu, Mukubwa. Balikuya mingi.”

Rais akaegemea mbele. “Mama, sheria haiwezi kufunga watu. Inafunga mtu mwenye jina. Yumo humu?”

Aliwatazama mmoja mmoja. Kwa fundi wa matofali hakupitisha macho haraka, wala hakukawia.

“Sijue.”

Nikatafsiri neno hilo kwa Kifaransa, lugha ya mahakama, kavu kama lilivyotoka. Hakukuwa na shahidi mwingine. Fundi na wenzake waliachiwa.

Uani, Mama Bea alisogea kumshika mkono. Mama Ngalula akaurudisha wake ndani ya kitenge. “Mubebe bwana yako, dada. Batoto beko na njaa. Lakini asinisalimie hata siku moja.” Akarudi Kasai, na mume wake akabaki bila aliyemuua.

Sasa nimestaafu. Wajane na wajukuu wao huja hapa barazani kuniuliza jinsi ya kudai haki. Nawaambia waende mashahidi wakiwa hai. Nawaambia wasipeleke kabila mahakamani, maana kabila halina mikono. Wampeleke mtu, na waseme mikono yake ilifanya nini. Hayo hata karani kijana atawaambia.

Somo la kwangu nililipata kwa kuchelewa. Siku ile tulimuuliza Mama Ngalula nani alimuumiza, tukarudia na kurudia. Hakuna aliyemuuliza nani alimsaidia. Laiti angesema kwanza jina la Mama Bea, likaandikwa, jaji akalijua alipopima adhabu, pengine ulimi wa mama yule ungefunguka kwa jina la pili, la fundi. Pengine. Bomba haliulizi maswali.

Kwa hiyo anayekuja kwangu akiwa na maiti moyoni simuulizi habari za muuaji. Namvutia kiti, namwambia: anza na aliyekuficha.