Hildegarda na Meneja Mwenye Kipara

Hildegarda hajui Kiingereza. Kikorea ndiyo kabisa, na Kihindi anakijua kwa machozi tu. Hata hivyo, kwa miaka mingi yeye ndiye aliyetutafsiria filamu katika banda la video la Kimamba, ameketi kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akiangalia midomo ya watu na kutuambia wanachosema. Filamu za kivita alizigeuza ugomvi wa mashamba. Za mapenzi alizijaza majina ya majirani. Ukikohoa vibaya, unajikuta umeolewa humo. Ukimuuliza Jumamosi utazame ipi, anakujibu, "Njoo yoyote, mwanangu. Inahusu nini, nitaamua mwenyewe."

Mwenye banda ni Beda, mtu wa mahesabu na kipara. Mwezi uliopita alirudi kutoka Morogoro na flashi iliyojaa filamu zilizokwisha kutafsiriwa na madijei wa mjini. Akamwambia Hildegarda mbele yetu, bila haya, "Mtani, Jumamosi ndiyo mwisho wako. Flashi haichoki wala haiombi chai."

Hildegarda alisema tu, "Sawa," akaenda zake. Lakini nilimwona nyuma ya stesheni akijifuta macho kwa upindo wa khanga, na roho iliniuma. Mume hana, watoto wako mbali. Kile kipaza sauti ndicho kilichomfanya asalimiwe mtaa mzima.

Jumamosi mchana aliweka filamu ya vichekesho ya bendi moja ya vijana wanne wenye nywele za rangi, wanaomtoroka meneja wao na kujificha kwenye shamba la kuku la mama mmoja. Meneja akatokea. Ana kipara. Nikajisemea, haya, leo kuna kazi.

"Huyu," Hildegarda akatangaza, "ni Bwana Beda. Amenunua redio iimbe badala ya hawa watoto, maana redio haili ugali."

Banda zima likaangua kicheko. Meneja akianguka matopeni, ni Beda kaanguka. Kuku walipomkimbiza, Hildegarda aliwatafsiri hata kuku, na maneno yao siyaandiki hapa. Jenipher, muuza vitumbua, alicheka hadi akadondoka kwenye benchi.

Beda alikuwa amesimama mlangoni, mishipa ya shingo imemtoka.

"Nuna basi," Hildegarda akamwambia kwa kipaza sauti. "Nuna, Iringa nzima isikie."

Hapo alimshika pabaya. Beda ni Mhehe wa Iringa, Hildegarda ni Mngoni. Mababu zao walipigana weee, mwisho wakawa watani, na mtani akikusema huruhusiwi kukasirika. Ukinuna, umewaaibisha wafu na walio hai. Dawa ni moja tu, kujibu. Beda akatupita kwa kishindo, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Nyie watoto!" akanguruma kwa niaba ya meneja. "Huyo mama aliyewaficha ni Mngoni. Hesabuni kuku!"

Hildegarda akakivuta, akajibu. Beda naye akakivuta. Filamu ikaisha, majina ya waigizaji yakapita yote, wale wawili bado wanasutana, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinuka kwenda nyumbani.

Mwishowe Hildegarda akanyoosha mkono. "Basi, nipe niwaage watu wangu."

"Subiri kwanza," Beda akasema, jasho linamtiririka, kipaza sauti amekikumbatia. "Jumamosi ijayo tunaweka ile ya harusi. Bwana harusi ni mimi. Wewe utakuwa mama mkwe, na tafadhali usinionee."