Nilimfukuza msibani rafiki wa marehemu kaka yangu kwa sababu ya dime za fedha

Wakuu, amani iwe kwenu.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Shule yangu iliishia la saba, mtanivumilia. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi. Pale mtakapoona nilikuwa mtu mbaya, jueni nilikuwa mbaya kweli.

Nipo Toronto, Flemingdon Park, kwenye haya maghorofa ya kupanga. Nilikuwa naishi na kaka yangu, Gervas. Alifariki winter iliyopita. Alitoka kazini, akakaa kwenye kiti avue buti, hakuinuka tena.

Kaka alikuwa anakusanya dime. Dime ni senti kumi ya Marekani. Yeye hakutaka hizi za dukani, alitaka zile za mwanzo kabisa, za fedha tupu, zenye kichwa cha mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili. Ni ndogo, inazidi kidogo tu kucha ya dole gumba.

Tena hakutaka iliyochakaa. Alitaka ile ambayo karibu miaka mia mbili imepita na bado nywele za yule mama unaziona moja moja. Akiipata anaishika kwa ukingo tu, anaigeuza chini ya taa, anatabasamu peke yake. Mimi namuuliza, "Kaka, hiyo inanunua nini?" Anasema, "Hainunui kitu. Wewe itazame tu."

Sikuwahi kuitazama vizuri. Hilo nalo linaniuma.

Rafiki yake katika mambo hayo alikuwa Mzee Akbar wa Agincourt, mtaa mwingine wa huku huku Toronto. Ni Mhindi mzaliwa wa Tanga, na Kiswahili chake kinanishinda mimi wa Tabora. Jumamosi nyingi walikuwa wanakaa mezani kwetu na lenzi zao, chai inapoa, wanabishania manyoya ya tai.

Sasa msiba.

Watu walijaa, mnajua apartment zetu zilivyo. Wanawake jikoni, wanaume wamekaa chini wanacheza karata. Chini ya dirisha tulitengeneza mahali pa picha ya kaka. Nikaweka maua, mshumaa, na ile albamu yake ya dime, iliyofungwa, nikiona namheshimu. Dirisha hilo lina hita chini yake. Winter ya huku hita hazizimwi.

Siku ya tatu Mzee Akbar akaja na mfuko begani. Akanipa pole, akaisogelea picha, akainama kuitazama. Halafu akageuka.

"Mdogo wangu, albamu hii itoe hapa. Na dime zitoke humu ndani leo leo."

Wakuu, kwetu mali ya marehemu haitajwi kabla ya kuanua matanga. Haitajwi kabisa. Mimi nilikuwa sijalala vizuri, na pale mtu anaizungumzia mbele ya picha.

Mmoja wa wacheza karata akasema kwa sauti, "Na mfuko kaja nao kabisa!"

Watu wakacheka. Kicheko kile kilinipanda kichwani. Nikamwambia, "Nyie Wahindi kwa biashara hamjambo. Maiti haijazikwa, umeshafika na mfuko?"

Karata zikawekwa chini. Wanawake wakachungulia kutoka jikoni.

Akajaribu, "Sikiliza bwana, ile plastiki..."

Nikasema, "Toka."

Akavaa viatu taratibu mlangoni, mkono mmoja ukutani. Hakuna aliyemsaidia. Tena yule wa karata akanipigapiga mgongoni, eti nimesimama kiume. Nikajiona mlinzi wa kaka.

Tulimzika kaka. Mzee Akbar alisimama mbali, kwenye theluji.

Arobaini ilipokaribia nikasema nifungue albamu, iliyokuwa bado pale pale dirishani kwenye hita, nichague dime moja ya kuweka mezani siku hiyo. Nilipofungua ikanipiga harufu kali, kama ya pazia jipya la bafuni. Mifuko ya plastiki ilikuwa inanata. Juu ya dime kulikuwa na utelezi wa kijani.

Ile aliyoipenda kuliko zote ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nilijua pa kwenda. Nikapanda basi mpaka Agincourt na albamu kifuani.

Mzee Akbar alifungua mlango, akaiona, akanivuta ndani. Akaleta chupa ya asetoni, ile wanayotolea rangi ya kucha lakini isiyochanganywa, akazitumbukiza moja moja kwenye bilauri. Hakusugua hata kidogo. Ule ukijani ukaachia.

Nyingi zilipona. Ile moja, ukijani ulipotoka, shavu la yule mama lilikuwa limelika, kama uso uliougua ndui.

Akanieleza wakati anazikausha. Kaka aliinunua albamu kuukuu bila kujua. Plastiki ya aina ile inatoa sumu polepole, na ikipata joto inatoa haraka. Waligundua wiki ile ile aliyofariki, wakapanga Jumamosi wazihamishe wote wawili.

Ule mfuko ulikuwa bado kwenye msumari nyuma ya mlango. Akaushusha, akaufungua. Ndani mlikuwa na vikasha vipya vya plastiki ngumu, vya kuhifadhia dime. Vitupu vyote.

Nikashika kichwa. Akasema, "Hiyo iliyoharibika nilimpa mimi, alipotimiza miaka hamsini. Ningekuwa naitaka, nisingempa."

Nikamwomba msamaha palepale. Akasema, "Yamekwisha, kunywa chai."

Lakini hayakuisha. Tusi nililitoa mbele ya sebule nzima, msamaha nikauombea jikoni kwake, mimi na yeye na birika.

Siku ya arobaini alikuja. Pale mlangoni akanyoosha mikono yote miwili, akasema, "Leo sina mfuko jamani, msinikague." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilipopewa nafasi ya kushukuru niliwashukuru wapishi, waliochanga, waliotoka mbali kule Weston na baridi ile. Nikafika kwenye jina lake, ulimi ukakwama. Nikakaa.

Aliondoka baada ya kuosha sufuria.

Nilichojifunza: tunapokuwa na msiba tunadhani uchungu unatupa haki ya kumdhania mtu lolote. Hautupi. Na aliyeaibishwa mbele ya watu, msamaha wake unadaiwa mbele ya watu hao hao.

Kwa hiyo uzi huu, kabla sijauleta humu, nimeutuma kwenye group la WhatsApp la msiba, jina langu kamili juu. Wote waliocheka siku ile wamo, na yeye yumo. Tiki zimekuwa za bluu, hajajibu mtu.

Ile dime ninayo hapa, naishika kwa ukingo. Shavu limekwenda, nywele bado naziona moja moja.

Karibuni mchangie, wakuu. Wa kunisema aniseme, nipo nasoma.