Migomba Iliyomngoja Mgeni

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Kanoni, mkulima mmoja alinikabidhi panga kabla sijaketi. "Bwana shamba, salamu baadaye. Kwanza njoo uone mgomba." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Ofisi ilikuwa pembe ya meza ya mtendaji wa kata, nami sikuikalia sana.

Mnyauko wa migomba ulipoingia, wote tulianza kujifunza upya. Majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na ukikata shina linatoa usaha. Dawa hakuna. Unang'oa shina lililougua pamoja na machipukizi yake, unalizika, kisha panga unalipitisha motoni. Kwenye migomba mizima unavunja ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, kwa mti wenye panda, kwa sababu wadudu hubeba ugonjwa kutoka ua hadi ua. Ukizembea, kibanja chote, yaani shamba zima la migomba linalozunguka nyumba, kinakwisha.

Baadaye nilihamishiwa kata moja ya barabarani. Jina lake silitaji, maana waliohusika wako hai na mimi sina nguvu za kesi. Mama Paskazia, mjane, alikuwa na kibanja kizuri huko. Kilimlisha na kilisomesha wanawe. Kibanja cha jirani yake, mtu anayeishi mjini, ndicho kilichougua. Sheria ndogo za kijiji ziliniruhusu kung'oa mbele ya mwenyekiti. Tulikuwa tumeshashika majembe mkuu wangu wa idara aliponipigia simu.

"Acha hiyo kazi. Kuna mgeni mkubwa atapita."

"Mkuu, ugonjwa hausubiri mgeni."

"Unataka aone mashimo ya migomba iliyong'olewa kando ya barabara? Atasema tumelala. Ngoja apite."

"Ataona migomba inayokufa."

"Kutoka kwenye gari ni kijani tu. Au unanifundisha kazi?"

Mwenyekiti naye alipigiwa, akawatawanya watu. Nikamfuata mkuu hadi ofisini. Nilimkuta akichagua vitambaa vya kupambia jukwaa. Nikamwambia kibanja cha Mama Paskazia kitakwisha.

"Ni mama mmoja tu," alinijibu.

Mama mmoja! Hata leo nikikumbuka, damu inanichemka. Mama Paskazia alikuwa anavunja maua dume kila siku kama nilivyomfundisha, na ng'ambo ya mpaka wake serikali ilikuwa inafuga ugonjwa.

Ziara iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Mwishowe nilikaidi, nikang'oa bila ruhusa, lakini mnyauko ulikuwa umeshavuka kwa Mama Paskazia. Kwa ukaidi huo nilipata barua ya onyo na uhamisho wa kwenda Bugomora. Mkuu wangu alipandishwa cheo.

Nyie vijana mnaoajiriwa sasa mnaletewa semina za uongozi bora, na chai na maandazi. Sizichukii. Ila hakuna semina itakayosaidia mahali ambapo mtumishi humwogopa bosi kuliko anavyomwonea haya mkulima. Nilipostaafu, siku ya kuniaga walinisifu kwa utii. Utii! Nilitamani kuwarudishia lile blanketi walilonizawadia.

Mwaka jana nilikutana na Mama Paskazia gulioni. Alikuwa anabishania bei ya mkungu. Mwenye kibanja, huku kwetu, ananunua ndizi! Niliona aibu kana kwamba nimemkuta hana nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana shamba. Umezeeka." Akanitazama. "Hivi yule mgeni wenu alikuja?"

"Alikuja, mama, mimi nikiwa nimeshahamishwa. Waliniambia alipita mbio, vioo vimefungwa."

Akaupapasa ule mkungu.

"Hakusimama kabisa?"

"Hakusimama."

"Masikini," alisema. "Angesimama, ningempa mkungu."