Paka wa Mama Mkwe na Kikombe cha Maziwa

Mama mkwe wangu alitoka Kilwa kuja kukaa nasi Iringa, akaja na paka wake. Watu wa bara alituvumilia tu, na mimi Mhehe wa Kilolo nikiwa wa kwanza. Paka ndiye aliyezungumza naye mchana kutwa.

Asubuhi moja ya kipupwe, miaka hiyo ya hamsini, aliingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga dirisha, akaenda jikoni. Nilipofuata shuka za kufua, nikamkuta paka amelala ubavu, mdomo wazi, hapumui. Hewa ile ya mkaa ilinigonga kichwa papo hapo. Nikamkwapua, mbio hadi uani.

Baba yangu alifuga mbuzi. Mtoto wa mbuzi akizaliwa kimya, alimfuta pua, akamfumba mdomo, akampulizia puani taratibu. Nikafanya vivyo hivyo. Majirani wakaangua kicheko: "Jamani, Mhehe anambusu paka!" Chekeni tu! Nikapuliza, nikamsugua mbavu, nikapuliza tena, mpaka kifua kikainuka chenyewe. Bado amefumba macho, lakini wallahi alikuwa anapumua!

Ndipo mama mkwe akatoka mbio na kikombe cha maziwa. "Kala sumu huyu! Nipisheni!"

"Mama, si sumu, ni mkaa. Hajazinduka, hawezi kumeza. Subiri kidogo tu!"

"Nisubiri afe? Mambo ya mbuzi yaache huko huko kwenu, mkaza mwanangu."

Sasa ningemsukuma, mkwe wangu? Nilimshika mkono, kisha nikauachia kwa adabu, na adabu hiyo inaniudhi mpaka leo. Akamtanua paka mdomo, akamimina. Paka akakoroma, maziwa yakamtoka puani, akanyooka.

"Umenichelewesha," akaniambia huku analia. "Ungenipisha mapema angepona."

Mtaa mzima ukalibeba neno hilo. Harusini, msibani, mimi ndiye yule mkwe aliyezuia maziwa. Mara ngapi nimefungua mdomo nimwambie ukweli! Halafu namwona amekaa peke yake, hana wa kuzungumza naye, naufunga.

Miaka ikapita, akaugua, nikawa namlisha uji kwa kijiko. Siku moja akanishika mkono.

"Niambie kweli, mwanangu. Yule paka, nilipokuja na maziwa, alikuwa anapumua?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo miaka yote.

"Hapana, Mama," nikamwambia. "Alikuwa ameshakufa."